Maswali ya Daktari, Majibu ya Mjomba

Mtu anayekwenda msibani kulia hapaki wanja. Mie siku ya kumzika Mjomba Hamadi nilipaka, nikavaa gauni nililoshona kwa ajili ya harusi, nikatoka Tandika mpaka Gongo la Mboto kuhakikisha kwa macho yangu kwamba kweli amekufa. Wanawake waliokaa kwenye mikeka walinisogezea nafasi kwa heshima, maana mimi ni mtoto wa dada yake, na katika watoto wote wa dada zake ni mimi peke yangu niliyeishi naye nyumba moja. Mama mmoja jirani yake, asiyenijua, alinishika mkono akanipa pole, akasema nimepotelewa na mtu wa watu. Akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa na moyo: mgonjwa yeyote akigonga dirisha la duka lake, hata awe hana cheti cha daktari, hakukosa cha kumpa. Nikamwambia kwamba hilo ni kweli kabisa, hakukosa cha kumpa. Akadhani tunasifu pamoja. Sura yangu nikaigeuzia ukutani, wenzangu wakafikiri nimezidiwa, na kweli nilikuwa nimezidiwa, ila si kwa walichodhani wao. Nilikuwa namwona bibi yangu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, nikiishi Tandika kwa bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanahawa. Kwa nini nilikuwa kwake ni habari nyingine, tuiache. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe, aliyoachiwa na babu, yenye ukumbi mrefu wa katikati unaoanzia barazani na kuishia uani, vyumba huku na huku. Chumba cha mbele kinachotazama barabara, mwanawe Hamadi alikuwa amekigeuza duka la dawa, na ukiingia nyumba ile pua yako ilipokea kwanza harufu ya vidonge na sabuni ya dawa, ndipo ikakutana na nazi na samaki wa kukaanga huko uani. Bibi alijivunia duka lile kuliko Hamadi mwenyewe. Aliwaambia wageni kwamba yeye hana haja ya hospitali, hospitali imemfuata mlangoni. Mie aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na alipokuwa amenuna ndipo aliponiita Tunu. Jioni tulikula uani sote, yeye, mimi, mjomba na mkewe Mama Shufaa, na baada ya sala ya Isha mjomba alikuwa akitoka dukani na bilauri ya maji na vidonge kwenye kiganja. Vilikuwa vidonge vya usingizi. Babu alipofariki Bibi alikosa usingizi, akawa anatembea ukumbini akigonga milango ya watu kuuliza kama geti limefungwa. Mjomba akaanza kumpa kimoja, apumzike. Kimoja kikawa viwili, miezi ikawa miaka, na nyumba ikatulia kama alivyotaka. Bibi alisema hajaona mtoto mwenye huruma kama Hamadi, anayemletea mama yake usingizi mkononi.

Kuna wakati dawa ile iliadimika na ikaisha dukani. Bibi alianza kutetemeka mikono, akatokwa jasho, akawa mkali kwa kila mtu, na jioni akaniomba nifute siafu ukutani. Ukuta ulikuwa mweupe hauna hata sisimizi. Mjomba aliponisikia nikimsimulia mkewe habari za siafu, hakuuliza swali. Aliacha chakula, akaenda Kariakoo, akarudi na vidonge, na kesho yake siafu hawakuwapo tena. Naomba msomaji alishike hilo. Mjomba Hamadi alijua. Wengine wote wanaweza kusema hawakujua. Yeye alijua.

Kiharusi kilimpata Bibi asubuhi, akiwa anakuna nazi. Kifuu kilimponyoka kikaviringika mpaka kwenye ndoo, naye akabaki anautazama mkono wake wa kushoto uliolala pajani. Akaniuliza, "Mke mwenzangu, mkono huu wa nani?" Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Tulimbeba mimi na Mama Shufaa mpaka kwenye bajaji, na hospitalini wakampokea vizuri, siwezi kuwalaumu. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vya chuma pande mbili, madirisha ya nondo upande mmoja tu. Daktari wa wodi alikuwa dada mwenye lafudhi ya bara, akiitwa Neema, si mkubwa sana kwangu kwa umri. Alitukusanya ndugu wa wagonjwa kwenye korido akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema mzee akishapigwa na kiharusi, pengine siku za mwanzo akili humwondoka ghafla. Anaona vitu visivyokuwapo, hawatambui wanawe, anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani na mguu haumbebi. Alisema si wazimu wala si shetani, na mara nyingi hupita, lakini katikati yake mtu anaweza kuumia vibaya. Kwa hiyo yeye hasubiri itokee. Anauliza kwanza, apate kujua nani yuko hatarini zaidi, na huyo anawekwa karibu na dirisha, apate mwanga na ajue mchana na usiku, na ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa naye kutwa kucha, mtu anayemfahamu sura na sauti. Nilipenda alivyosema. Nikajiona tayari nimekaa pale dirishani.

Basi mjomba akanituma pampasi. Duka lililokuwa nazo lilikuwa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, na niliporudi maswali yalikuwa yameshaulizwa. Nilikuta daktari anamalizia kusema kwamba mama ana bahati, umri umekwenda lakini mengine yote ni mazuri, kwa hiyo atakaa kitanda cha ndani na sisi tutakuja saa za kuona wagonjwa kama wengine. Mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, mikono nyuma. Mie nilifurahi, Mungu anisamehe, nilidhani ni habari njema. Kitanda cha dirishani alipewa mzee mwanamke mwingine, na binti yake akatandika khanga sakafuni pembeni.

Siku ya kwanza Bibi alizungumza nami kwa shida, lakini alizungumza. Siku iliyofuata alitetemeka, nesi akasema ni homa. Siku ya tatu nilimkuta amefungwa vifundo vya mikono kwenye vyuma vya kitanda kwa vipande vya kitenge. Alikuwa ameng'oa dripu mara mbili na kumpiga mhudumu. Miwani yake ilikuwa kwenye kabati, hakuna aliyemvika. Nilimwinamia nikamwita. Alinitazama kama mtu anayetazama mwizi, akaniuliza mimi nani. Nikamwambia ni mimi, mke mwenzako. Akaanza kulia, machozi yakimwingia masikioni maana hakuwa na mkono wa kuyafuta, akisema nisimdanganye, nimrudishie mke mwenzake, tumempeleka wapi mtoto wa watu. Akaniambia maji yamejaa chini ya vitanda na kuku wake wanazama. Nilimfuta uso, nikamvika miwani, akaitikisa ikaanguka. Kengele ya kutoka ikalia. Niliomba nibaki, nesi akasema kwa upole kwamba kitanda kile hakina ruhusa ya ndugu.

Jioni ile nilikuwa uani nafua khanga za Bibi. Jua lilikuwa linazama na mjomba na mkewe walikuwa chumba cha nyuma ya duka, dirisha wazi. Mama Shufaa ndiye aliyekuwa akisema. Alimwambia mumewe amwambie daktari habari ya vidonge, bado hajachelewa, kwani si amemwona mama yake anavyotetemeka, si ndivyo alivyokuwa siku zile dawa ilipoisha. Mjomba akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipima jambo. Alisema, "Nikisema, wataniuliza alikuwa anazipata wapi na nani alimwandikia. Wiki haiishi wamefunga duka. Mama atapoa mwenyewe." Kisha akasema njaa inamuuma, kuna nini cha kula. Hilo la njaa ndilo nililobaki nalo miaka yote hii. Nimejaribu kumwonea huruma kwa hofu yake ya duka, na kila nikikaribia namsikia anauliza kuna nini cha kula.

Alfajiri nilikuwa getini hospitalini. Mlinzi alinizuia. Nilimwambia nina neno la daktari kuhusu dawa za mgonjwa, akasema kila mtu ana neno la daktari, nisubiri saa yake. Nilisimama pale nikiona wauza uji wanakuja na kuondoka. Geti lilipofunguliwa nilikimbia, na nilipofika wodini kitanda cha Bibi kilikuwa kimezungushiwa pazia. Alikuwa amekipata kitenge kimoja kwa meno, akafungua na kingine, akashuka kwenda kuwaokoa kuku. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Daktari Neema alikuwa amepiga magoti sakafuni anamshika mguu usisogee. Nikamwambia yote pale pale, vidonge viwili kila usiku, miaka, na siafu wa ukutani, na sikio moja lisilosikia, na jicho lenye mtoto wa jicho, na jinsi siku hizi alivyokuwa akitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja. Akainua kichwa akanitazama.

"Nilimuuliza kimoja kimoja," alisema. "Alinijibu hapana kwa yote. Alisema ana duka la dawa, angejua."

Kisha akasema, si kwangu hasa, kwamba angejua angemweka dirishani na mimi ningekuwa naye, na dawa ile isingekatwa ghafla, ingepunguzwa kidogo kidogo. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Aliandika dawa, akampa Bibi kipimo kidogo cha dawa ile ya usingizi, akamhamishia dirishani siku hiyo hiyo, akaniambia nisiondoke. Nilikaa. Nilimwambia ni asubuhi ikiwa asubuhi na jioni ikiwa jioni, nikamvika miwani, nikaongea kwenye sikio zima. Maji ya chini ya vitanda yakapungua siku hata siku, mpaka mchana mmoja akanitazama muda mrefu akasema, "Mke mwenzangu, mbona umekonda hivyo?" Nililia hapo kwa mara ya mwisho katika habari hii.

Mjomba hakukaa kimya. Aliwaambia ndugu kwamba mama alianguka kwa sababu mie niliachiwa nimwangalie nikaenda kuzurura na wanaume getini. Walinipigia simu kunilaani, watu wa Lindi, watu wa Mbagala. Sikumjibu hata mmoja. Niligundua mwaka ule kwamba ninayo subira ambayo sikujua ninayo, na si ile subira wanayoisifu mashehe.

Tulimrudisha Bibi nyumbani akiwa hatembei tena, tukamlaza ukumbini penye hewa. Nilimwogesha, nikamlisha uji wa mchele wenye tui, nikamgeuza asipate vidonda. Mjomba alipita ukumbini kwenda dukani na kurudi, akimwita mama, mama, umeamkaje. Alimnunulia godoro jipya. Bibi akawa anamshukuru. Siku moja namlisha, akaniuliza alikuwaje siku zile ambazo hazikumbuki, maana kila akimuuliza mtu anaambiwa amshukuru Mungu. Nikaweka bakuli chini nikamweleza. Sikuongeza na sikupunguza. Nilimwambia maswali ya daktari na majibu ya mwanawe, na maneno niliyoyasikia kwenye dirisha la nyuma ya duka, mpaka lile la njaa. Watu wazima wenye busara wataniambia sikupaswa, mgonjwa hapewi mzigo. Mie sikuwa nampa mzigo. Nilikuwa nampa silaha, na nilijua. Uji uliganda bakulini. Kisha akaniuliza Idd lini.

Idd ile nyumba ilijaa. Mjomba alikuwa mtu wa kamati ya msikiti, na alipenda wazee wenzake wale pilau kwake, wamwone anavyomtunza mama. Waliketi ukumbini kwenye mkeka, masinia katikati, na Bibi juu ya godoro lake amevalishwa vizuri, ameegemea mito. Wakampa pole na heri ya sikukuu, shikamoo zikapita. Mjomba alikuwa ndiyo ananyoosha mkono kwenye sinia Bibi alipomwita jina.

"Hamadi, yule daktari alikuuliza kama mie nina tatizo la kusikia. Ulimjibuje?"

Mjomba akacheka kidogo, akasema alijibu kwamba anasikia.

"Sema kwa nguvu, sikio hili halisikii."

Akarudia kwa nguvu. Wazee wawili wakatazamana.

"Akakuuliza kama natumia dawa za kulalia."

"Mama, tuna wageni, si wakati wake."

"Wakati wangu ndio huu, sina mwingine. Ulimjibuje?"

"Nilisema hutumii."

"Nilikuwa nikitumia?"

Mjomba alitazama mlango, na mlangoni nilikuwa nimesimama mie na jagi la maji ya kunawa. Sikusogea.

"Ulikuwa unatumia," alisema.

"Nani akinipa?"

"Mimi."

"Kwa nguvu."

"Mimi, mama."

Barazani nje walisikia. Bibi aliwaomba wazee radhi kwa kuwachelewesha, akawaambia pilau inapoa, wale. Halafu akamwambia mwanawe kwamba baada ya sikukuu atoe vitu vyake chumba cha mbele, nyumba hiyo haina haja ya duka. Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi. Wazee walikula kidogo wakaaga mmoja mmoja, na mwaka haukwisha kamati ya msikiti ilikuwa na mtu mwingine.

Rafu za duka nilizibeba mwenyewe mpaka barabarani. Mama Shufaa alinisaidia kwa kushika upande wa pili. Katika chumba kile niliweka cherehani yangu, na mteja wa zamani aliyekuja kuuliza duka limehamia wapi na kwa nini, nilimkaribisha kiti nikamweleza. Sikumsingizia mjomba hata neno moja. Kweli ndiyo iliyommaliza, kwa sababu uongo angeukana. Alipofungua duka jingine Mabibo karibu na soko, nilimfuata. Nilipanga foleni kama mteja, na nilipofika dirishani nikaomba kwa sauti vidonge vya kumlaza bibi kizee, vile alivyokuwa akimpa mama yake. Alinitazama, akashusha dirisha saa nne ya asubuhi, wateja wamesimama. Nilirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kina mama wauza nyanya waliokuwa jirani wakanizoea, wakaniuliza habari yenyewe, nikawapa. Akahama. Watu husema hasira humla mwenye nayo. Yangu ilinilisha. Nilishona kwa bidii mwaka ule kuliko mwaka wowote, na nilikuwa nikiimba.

Bibi alifariki masika ilipoanza. Mtu asiyetoka kitandani kifua humjaa, na chake kilijaa. Asubuhi yenyewe nilikuwa nachemsha maji ya kumwogesha, mvua inapiga bati, akaniambia nisiyafanye moto sana, na niliporudi na ndoo alikuwa ameshaondoka. Mjomba alikuja siku za mwisho, mara tatu au nne, akakaa karibu na mlango na chungwa lililomenywa mkononi. Bibi hakulipokea. Nilikuwapo kila mara, sikutoka hata aliponiomba nitoke, kwa hiyo naweza kusema kwa uhakika kwamba hakumwambia nimekusamehe. Baada ya mazishi mjomba alihamia Gongo la Mboto akafungua tena, na huko sikumfuata. Nilikuwa nimechoka kwa kuuguza, na nilikuwa na nyumba ya kuangalia. Nimejuta. Ningekwenda na huko, yule mama jirani asingekuwa na cha kumsifia.

Sasa nina mjukuu, naye namwita mke mwenzangu. Pale msibani nilikuwa nawaza hayo yote, wanaume wakawa wamekwisha kuswalia, na sauti ya mtoto mkubwa wa marehemu ikasikika kutoka nje. Alisema kwa niaba ya baba yake kwamba aliyekosewa na marehemu, amsamehe kabla hajatoka nyumbani kwake. Wanawake wote mle ndani wakajibu kwa pamoja kwamba wamemsamehe. Mie nilifunga mdomo. Mama Shufaa alikuwa amekaa eda kwenye kona, amezeeka, macho mekundu. Sijawahi kuwa na ugomvi naye. Aliniita kwa mkono nikasogea, akanishika goti.

"Na wewe sema, mwanangu," aliniambia. "Wanamtoa sasa hivi."

Wote walikuwa wananisubiri. Yule jirani alikuwa ameacha kujifuta machozi.

"Mie hakunikosea kitu kikubwa," nikasema. "Aliyekosewa ni mama yake, na ndiyo wanakwenda kuonana. Wakaulizane wenyewe."

Mama Shufaa alitoa mkono wake gotini kwangu. Nje wakalinyanyua jeneza, sauti za wanaume zikaondoka nalo barabarani mpaka zikapotea, na baada ya muda wasichana wakaanza kupitisha chakula. Kwa kawaida chakula cha msiba hakinipiti kooni, hata awe marehemu mtu wa mbali. Cha siku ile nilikila nikamaliza, nikamwita binti wa kugawa nikamwomba aniongeze.